Jinsi ya Kuzuia Barua Taka Bila Kuvunja Sheria: Mwongozo kwa Watoa Huduma Wadogo wa Barua Pepe Nairobi

Barua ya wakili huja siku usiyoitarajia. Inasema kwamba seva yako imekataa kupokea matangazo ya mteja wake, kwamba matangazo hayo ni halali, kwamba biashara imepata hasara, na kwamba usipofungua njia katika muda wa siku saba mtakutana katika mahakama za Milimani. Kampuni kubwa huikabidhi idara yake ya sheria ikaendelea na shughuli zake. Lakini kwa fundi anayehudumia masanduku mia tatu ya barua pepe ya shule, vyama vya akiba na mikopo na ofisi za wahasibu, akiwa katika chumba kimoja cha ghorofani karibu na Moi Avenue, barua hiyo humnyima usingizi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi huyo. Unaeleza haki ya kuzuia barua taka inatoka wapi, jinsi ya kuiandika katika mkataba, jinsi ya kuitekeleza kwenye seva ili iweze kutetewa, na mahali inapokoma. Mimi ni msimamizi wa seva, si wakili, na kesi ikishafunguliwa ni lazima utafute wakili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utetezi wa kesi ya aina hii huandaliwa miezi mingi kabla ya kesi yenyewe, na anayeiandaa ni fundi kwa namna anavyoandika masharti yake na kupanga vichujio vyake.

Haki hii imesimama juu ya nini

Usipoteze muda kutafuta katika sheria za Kenya kifungu kimoja kinachotamka waziwazi kwamba mtoa huduma wa barua pepe anaruhusiwa kukataa barua taka. Haki hiyo imejengwa kwa nguzo tatu, na inafaa uzijue moja baada ya nyingine, kwa kuwa hujui ni ipi itakayotikiswa siku ya kujitetea.

Nguzo ya kwanza ni umiliki. Seva ni yako, au umeikodi kwa fedha zako, pamoja na diski, umeme na njia ya intaneti inayoifikia, na Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inalinda mali ya mtu. Mtumaji wa matangazo ambaye hana mkataba wowote nawe hawezi kudai kwamba mashine yako imfanyie kazi ya kuhifadhi na kusambaza bidhaa zake bila malipo. Nguzo ya pili ni mkataba kati yako na mwenye sanduku. Yeye ndiye anayekulipa, na unapochuja unamtendea kazi aliyokupa. Mtu aliyewahi kuishi katika jengo la kupanga lenye askari getini anaelewa jambo hili bila kuelezwa: askari anamzuia mchuuzi kwa niaba ya wapangaji, na mchuuzi hawezi kumshtaki askari kwa kuwa hakuruhusiwa kupanda ngazi na kugonga kila mlango. Askari huyohuyo, hata hivyo, hana ruhusa ya kumrudisha shangazi ya mpangaji aliyealikwa chakula cha mchana. Tutarudi kwa shangazi huyo baadaye.

Nguzo ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi hapa kwetu, nayo ni kwamba sheria inamfunga mtumaji mwenyewe. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya 2019, kinakataza matumizi ya data ya mtu kwa faida ya kibiashara isipokuwa mtu huyo ametoa idhini ya wazi, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu naye alijulishwa wakati data ilipokusanywa. Kanuni za kulinda watumiaji za mwaka 2010, zilizotungwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, Sura ya 411A, zinataka matangazo ya kiotomatiki yafuate msingi wa mpokeaji kukubali kwanza. Kanuni za Jumla za Ulinzi wa Data za mwaka 2021 zinaongeza kwamba kila tangazo la namna hiyo liwe na njia ya kujiondoa iliyo wazi, rahisi, na isiyomgharimu mpokeaji, au imgharimu kiasi kidogo tu. Anwani ya barua pepe inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Kwa hiyo wakili anapoandika kwamba matangazo ya mteja wake ni halali, swali lako la kwanza ni moja tu: idhini iko wapi? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaweka mzigo wa kuthibitisha idhini juu ya anayeitumia data, si juu ya mpokeaji, na hakika si juu yako.

Kuna kifungu ambacho hupaswi kukitegemea kabisa, ingawa bado utakisikia kikitajwa vijiweni. Kifungu cha 29 cha Sura ya 411A kilifanya kuwa kosa kutumia mitambo ya mawasiliano kumsumbua mtu, na wapo mafundi waliokiona kama silaha dhidi ya watuma taka. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakwenda kinyume na Katiba mwaka 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare. Ukikinukuu katika barua ya majibu, wakili wa upande wa pili atajua mara moja kwamba hukusoma.

Tahadhari kuhusu kesi za Marekani

Ukitafuta habari za jambo hili kwenye intaneti utakutana na kesi za Marekani, na ni nzuri kuzijua kwa sababu hoja nyingi zilijaribiwa huko kwanza. Mwaka 1996 kampuni ya Cyber Promotions ilidai kwamba uhuru wa kujieleza unaipa haki ya kuwatumia matangazo wateja wa America Online, mtoa huduma wa intaneti, na mahakama ya Pennsylvania ikakataa kwa kuwa America Online ni kampuni binafsi, si serikali. Mwaka uliofuata CompuServe, mtoa huduma mwingine, iliishinda kampuni hiyohiyo huko Ohio kwa hoja kwamba kuzijaza seva za mtu barua asizozitaka ni kuingilia mali yake. Kifungu cha 230 cha sheria yao ya mawasiliano ya 1996 kinamkinga mtoa huduma anayezuia kwa nia njema maudhui anayoyaona kuwa ya kuudhi, na sheria yao ya barua taka, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2004, inasema kwamba haigusi uhalali wa sera za mtoa huduma za kukataa kupitisha au kuhifadhi aina fulani za barua. Kwa misingi hiyo Comcast, mtoa huduma wa intaneti, iliishinda kampuni ya matangazo ya e360Insight iliyoishtaki mwaka 2008, ingawa e360Insight ilidai kwamba imefuata sheria ya barua taka hatua kwa hatua. Mwaka 2023 mahakama ya California iliitupa kesi ya kamati kuu ya chama cha Republican dhidi ya Google kuhusu barua zake za kuchangisha fedha zilizoishia katika folda ya taka ya Gmail.

Sasa tahadhari. Hukumu hizo hazimfungi jaji wa Kenya, na hoja moja kati yake haisafiri vizuri kabisa. Hoja ya mwaka 1996, kwamba mtoa huduma binafsi hafungwi na haki za kikatiba za mtumaji, inategemea Katiba ya Marekani. Katiba yetu, katika Ibara ya 20, inasema kwamba Sheria ya Haki inafunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Maana yake ni kwamba mtumaji aliyefunzwa vizuri anaweza kusimama Milimani na kudai kwamba wewe, ingawa ni mtu binafsi, umeingilia uhuru wake wa kujieleza chini ya Ibara ya 33. Usimjibu kwamba wewe si serikali. Mjibu kwamba uhuru wa kusema haumlazimishi mtu mwingine kusikiliza, kwamba mpokeaji naye ana haki ya faragha chini ya Ibara ya 31, na kwamba Ibara ya 24 inaruhusu haki kuwekewa mipaka yenye sababu. Hoja hiyo ni ndefu zaidi kuliko ya Wamarekani, na kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa sababu inamweka mpokeaji katikati ya kesi, mahali anapostahili kuwa.

Tofauti nyingine inakusaidia zaidi. Sheria ya Marekani inamruhusu mtumaji kuanza kutuma na kumwacha mpokeaji ajiondoe. Sheria yetu inataka idhini itangulie. Mtumaji wa Nairobi anayejisifu kwamba barua zake zina kiungo cha kujiondoa chini kabisa ametimiza nusu ya wajibu, tena nusu ya pili.

Andika haki hiyo katika mkataba kabla hujaihitaji

Watoa huduma wengi wadogo hunakili masharti ya matumizi kutoka tovuti ya kampuni ya ng'ambo, wakabadilisha jina, na hawayasomi tena. Nimewahi kuona masharti ya kampuni ya hapa mjini yaliyosema kwamba migogoro yote itaamuliwa kwa sheria za jimbo la Texas. Andika yako, kwa lugha ambayo mteja wako ataielewa, na uhakikishe kwamba amekubali kwa namna unayoweza kuithibitisha, iwe kwa sahihi au kwa kubonyeza mahali palipohifadhi tarehe na saa. Kifungu cha kuchuja kinaweza kusomeka hivi:

"Mteja anaelewa na kukubali kwamba Kampuni itatumia vichujio vya kiotomatiki, zikiwemo orodha za vizuizi zinazotunzwa na wahusika wengine, ili kukataa, kuweka kando au kupeleka katika folda ya taka barua pepe yoyote ambayo Kampuni, kwa nia njema, inaiona kuwa ni taka, ya ulaghai, au ya hatari kwa mitambo na watumiaji. Mteja anaweza wakati wowote kuiomba Kampuni kwa maandishi imruhusu mtumaji fulani, na Kampuni itatekeleza ombi hilo ndani ya siku moja ya kazi, isipokuwa barua za mtumaji huyo zina programu hasidi au ulaghai."

Tazama maneno mawili katika kifungu hicho. "Kwa nia njema" ndiyo nanga ya haki yote: inaonyesha kwamba unachuja ili kumlinda mteja, si ili kumkomoa mtu. Sentensi ya pili, inayompa mteja uwezo wa kubatilisha uamuzi wako, ndiyo inayokutenganisha na mtu anayejifanya mmiliki wa barua za wengine. Bila sentensi hiyo, askari wa getini amegeuka mwenye nyumba.

Ikiwa mteja wako ni kampuni yenye wafanyakazi, mkataba wako ni na kampuni, ilhali barua zinazochujwa ni za watu. Mtake mteja, kwa maandishi, awajulishe wafanyakazi wake kwamba barua zao zinapita katika kichujio. Na kwa kuwa katika hali hiyo wewe ni mchakataji wa data kwa niaba yake, Sheria ya Ulinzi wa Data inataka pawe na mkataba wa maandishi kati yenu unaosema kwamba utatenda kwa maelekezo yake tu. Waraka mmoja unaweza kufanya kazi zote mbili.

Kataa mlangoni, usimeze kimya kimya

Nikiambiwa nichague ushauri mmoja kati ya yote niliyonayo, nitachagua huu. Njia ya kiufundi unayoitumia kuzuia ina uzito wa kisheria kama ilivyo sababu ya kuzuia.

Seva inayotuma barua huzungumza na seva yako hatua kwa hatua. Inajitambulisha, inataja mtumaji, inataja mpokeaji, kisha inaleta mwili wa barua. Katika kila hatua seva yako inaweza kukubali au kukataa. Msimbo unaoanza na 5, kama 550, unamaanisha "sikupokei, usirudi". Unaoanza na 4 unamaanisha "siwezi sasa, jaribu tena baadaye". Lakini seva yako ikishajibu 250 baada ya kupokea mwili wa barua, kanuni za itifaki ya barua pepe zilizoandikwa katika waraka wa kiufundi wa RFC 5321 wa mwaka 2008 zinasema kwamba umechukua dhamana ya kuifikisha au kumjulisha mtumaji kwamba imeshindikana. Ukikubali kwa 250 kisha ukaifuta barua bila neno, mtumaji anaamini imefika, mpokeaji hajui kama ilitumwa, na ukweli umebaki kwako peke yako.

Nililijua hili kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga kichujio kifute moja kwa moja kila barua iliyopata alama za juu za taka, kwa sababu diski ilikuwa ndogo na nilichoka kusafisha. Mteja wangu mmoja, mkandarasi wa kupaka rangi, alikuwa akingoja barua ya zabuni. Aliyemtumia hakuwa amepanga vizuri rekodi za kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake, na kiambatisho kilikuwa kikubwa chenye herufi kubwa tupu katika kichwa cha habari, kama zilivyo nyaraka nyingi za zabuni. Kichujio kiliimeza. Tarehe ya mwisho ikapita. Mkandarasi alipokuja ofisini hakupiga kelele. Aliniambia tu nimwonyeshe barua ilikokwenda, nami sikuwa na chochote cha kumwonyesha. Alihama na masanduku yake kumi na manne. Angeamua kunidai fidia kwa kuvunja mkataba, sijui ningejitetea kwa lipi.

Kama seva yangu ingekataa barua hiyo mlangoni kwa 550, seva ya mtumaji ingemrudishia taarifa mara moja, naye angepiga simu. Kwa hiyo panga hivi. Taka iliyo dhahiri, kwa mfano inayotoka kwenye anwani ya IP (namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti) iliyo katika orodha ya vizuizi unayoiamini, yaani orodha ya wanaojulikana kutuma taka, au inayojidai kutoka kikoa ambacho mwenyewe ameagiza kupitia DMARC, yaani sera anayoitangaza mwenye kikoa, kwamba barua zisizothibitika zikataliwe, ikatae wakati mazungumzo bado yanaendelea. Taka inayotiliwa shaka ipokee na uipeleke katika folda ya taka ya mpokeaji, ambako ataiona akitaka. Kufuta kimya kimya kubakie kwa programu hasidi iliyothibitishwa peke yake, na hata hapo uandike kumbukumbu. Usikubali barua kisha ukamrudishia mtumaji taarifa ya kukataa baadaye, maana anwani za watuma taka huwa za kughushi, na taarifa zako zitamfikia mtu asiye na hatia. Utakuwa umejifanya mtuma taka wewe mwenyewe.

Ujumbe unaoambatana na msimbo wa kukataa ni sehemu ya utetezi wako. "550 5.7.1" ikifuatwa na sentensi fupi inayosema sababu, pamoja na anwani ya ukurasa ambapo mtumaji anaweza kuomba uamuzi ukaguliwe upya, inaonyesha nia njema kuliko kiapo chochote utakachokiandika baadaye. Ukurasa huo usomwe na mtu, si mashine, na usiwekwe nyuma ya seva ileile inayomkataa. Kosa hilo linaweza kuonekana la kuchekesha, lakini nimelikuta mara mbili.

Mashine isome, mtu asisome

Kuchuja kunahitaji kuangalia, na kuangalia barua za watu ni jambo linalogusa Ibara ya 31, ambayo inataja faragha ya mawasiliano kwa jina. Kifungu cha 31 cha Sura ya 411A nacho kinafanya kuwa kosa kwa mwendeshaji wa mawasiliano mwenye leseni kunasa ujumbe au kufichua yaliyomo nje ya shughuli zake za kazi. Hata kama huna leseni ya aina hiyo, jifunge kwa kiwango hicho hicho. Neno la kuegemea hapo ni "shughuli za kazi": programu inayopima barua kwa alama ili kulinda mitambo iko ndani ya kazi yako, lakini fundi wako anayefungua barua iliyowekwa kando kwa sababu kichwa chake cha habari kimemvutia hayumo.

Kwa hiyo, anza na vigezo vya bahasha kabla ya vya maudhui: anwani ya IP, jina la kikoa, rekodi za SPF (zinazotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua), kasi ya kutuma. Mara nyingi hivyo vinatosha. Barua zilizowekwa kando zifunguliwe na mpokeaji mwenyewe, si msimamizi. Ikibidi msimamizi afungue, kwa mfano mteja akilalamika kwamba barua yake imepotea, afungue kwa ombi la maandishi la mteja na aandike jina lake, saa na sababu.

Hapa pana kesi moja ya Ujerumani ambayo kila msimamizi angepaswa kuikumbuka. Chuo kikuu kimoja huko kilipanga seva zake zizuie barua zote za mtu aliyewahi kufanya kazi hapo, zile alizotuma na zile alizoandikiwa. Mahakama ya rufaa ya Karlsruhe iliamua mwezi Januari 2005 kwamba kuzuia kwa namna hiyo kunaweza kuwa kosa la jinai la kukandamiza barua. Kitufe kilichobonyezwa kilikuwa kilekile kinachotumika kuzuia taka. Kilichokosekana ni sababu ya kiusalama.

Orodha za vizuizi ni ushauri

Hutaweza kujenga kichujio bila orodha za watu wengine, na ya Spamhaus, iliyoanzishwa London mwaka 1998, ndiyo utakayokutana nayo kwanza. Waendeshaji wake waliwahi kushtakiwa huko Chicago na e360Insight ileile iliyoshindwa na Comcast. Mwaka 2006 mahakama iliamuru e360Insight ilipwe dola milioni 11.7 kwa kuwa Spamhaus haikujitetea. Rufaa zilipoisha mwaka 2011, fidia ilikuwa imeshuka hadi dola 3. Yaani kikombe cha kahawa. Somo la kisheria ni kwamba hasara lazima ithibitishwe kwa hesabu, na mtumaji anayekutisha kwa mamilioni hapa Nairobi atatakiwa kufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, ukizuia kwa kutegemea orodha, aliyezuia ni wewe. Chagua orodha zinazoeleza hadharani vigezo vyao na namna ya kuondolewa, usitumie inayodai malipo ili kumwondoa mtu haraka, na kamwe usizuie mtandao wa nchi nzima au wa mtoa huduma mzima wa simu kwa kuwa umesumbuliwa na watu wawili. Sisi wenyewe tunajua maana ya kukataliwa na seva za ng'ambo kwa sababu tu anwani yetu ya IP ni ya huku. Tunza pia orodha ya walioruhusiwa: mahakama, mamlaka ya ushuru, benki za wateja wako, baraza la mitihani kama unahudumia shule. Walioruhusiwa nao wakaguliwe kama wamethibitika kwa DKIM, kwa sababu majina hayohayo ndiyo walaghai wanayoyapenda zaidi.

Tunza daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na haki bila kumbukumbu huisha vivyo hivyo. Kwa kila barua iliyokataliwa hifadhi saa, anwani ya IP, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, msimbo uliotolewa na kanuni ya kichujio iliyosababisha. Mwili wa barua usiuhifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Data hairuhusu kukaa na data kuliko muda unaohitajika, hivyo weka muda na uuandike katika sera yako. Mimi hutumia miezi sita. Ukipokea barua ya madai, kumbukumbu zinazoihusu zitenge na uzihifadhi mpaka jambo liishe, kwa kuwa madai ya mkataba nchini yanaweza kufunguliwa hadi miaka sita baada ya tukio.

Barua ya madai ikifika

Usifungue njia siku hiyohiyo kwa woga, wala usijibu siku hiyohiyo kwa hasira. Toa kumbukumbu kwanza uone kama kweli wewe ndiye uliyezuia. Mara nyingi utakuta kwamba mtumaji alizuiwa na Gmail au Yahoo, ambao tangu Februari 2024 wanawataka watumaji wa wingi wathibitishe vikoa vyao, waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, na malalamiko dhidi yao yasifike asilimia 0.3. Katika hali hiyo jibu lako ni sentensi moja.

Ikiwa ni wewe, waulize wateja wako walioandikiwa kama walijiandikisha kupokea matangazo hayo. Uliza kwa maandishi, bila kuwaongoza kwenye jibu. Wakisema walijiandikisha, mruhusu mtumaji kwa masanduku hayo, umjulishe wakili, na jambo limekwisha. Wakisema hawamjui, andika barua fupi yenye mambo haya: kwamba huna mkataba na mteja wake, kwamba barua zilikataliwa tarehe fulani kwa msimbo fulani, na mtumaji akajulishwa papo hapo, kwamba wenye masanduku hawakutoa idhini, na kwamba unaomba nakala ya idhini inayotakiwa na kifungu cha 37, ukikumbusha kuwa mzigo wa kuithibitisha ni wa mteja wake. Usimtukane mtu, na usimwite tapeli. Kesi ya kuchafuliwa jina ni rahisi kufunguliwa kuliko ya kuzuiwa barua.

Mteja wako anayesumbuliwa anaweza pia kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliyoko Upper Hill, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizika ndani ya siku tisini. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa kutazama kilicho kidogo. Mlalamikaji ni yeye, si wewe. Kazi yako ni kumpa kumbukumbu anazostahili. Nimeona mawakili wakiacha kuandika baada ya kutajiwa ofisi hiyo, lakini usiitaje kama huna nia ya kufika huko.

Mahali haki inapokoma

Sasa turudi kwa shangazi aliyealikwa chakula. Mwenye sanduku akisema anaitaka barua, haki yako ya kuizuia kama taka imekwisha. Inabaki ile ya kuzuia programu hasidi na ulaghai tu. Haki hiyo pia haikuruhusu kuzuia barua za mshindani wako wa kibiashara anayewaandikia wateja wako waliomwomba bei, wala za chama cha siasa usichokipenda, wala za mteja aliyehama akiwa na deni lako. Hata Marekani, ambako kinga ni pana, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2019 katika kesi ya Enigma Software dhidi ya Malwarebytes kwamba kifungu cha 230 hakimkingi anayezuia ili kumdhuru mshindani. Kipimo ninachokitumia mimi ni kujiuliza kama ningeweza kuibandika kanuni ya kichujio ukutani, wateja na watumaji wote wakaisoma. Kanuni inayosema "kataa kikoa kisicho na SPF" inabandikika. Inayotaja jina la mtu niliyegombana naye haibandikiki.

Kabla hujaanza kutumia mpango huu, ujaribu. Upo mstari wa maandishi uitwao GTUBE, uliotungwa mahsusi ili vichujio vinavyoufahamu, kama programu ya SpamAssassin, viutambue kama taka bila kuhatarisha chochote. Utume kutoka anwani yako ya nje, jioni ambapo ofisi za wateja zimefungwa, kisha usome ujumbe wa kukataa uliorudi kana kwamba wewe ndiye wakili wa mtumaji. Kama humo hamna sababu inayoeleweka na mahali pa kuomba uamuzi ukaguliwe upya, usiondoke ofisini kwanza.